Chui Aliyemwangalia Clovis

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mama Émérance lilikuwa darubini. Ilikuwa Jumapili, watu wakitoka misani, naye alisimama kati ya wanawake wenzake akiwa amevaa nguo nyeusi kuanzia kilemba hadi visiginoni. Kifuani, mahali ambapo wengine huvaa rozari, alikuwa amening'iniza darubini kubwa yenye ngozi iliyochubuka. Kioo cha upande wa kushoto kilikuwa na ufa. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi mjini kwetu Kasongo baada ya masomo, na nilikuwa nimepewa darasa la kufundisha, ambamo binti yake wa mwisho, Naomie, alikuwa akisoma.

"Mama Clovis," mwanamke mmoja alimwambia, "angalia na kule Kindu, utuambie kama sukari imeshuka bei."

Mama Émérance akainua darubini kweli, akaielekeza upande wa Kindu, akatulia kidogo.

"Sukari sijaiona," akajibu. "Ninaona bwana yako. Iko anakunywa."

Wakacheka wote, hata mwenye bwana. Mama Émérance alicheka nao, lakini alikuwa wa kwanza kunyamaza, na mkono wake ukabaki umeshika darubini kama mtu anayeshika mlango usifunguliwe na upepo.

Baadaye Naomie alinieleza kuhusu zile nguo nyeusi. Baba yake, Mzee Muzaliwa, alikuwa amefariki mwaka juzi, mwezi wa kumi. Kwa kawaida matanga huondolewa mwaka ukitimia, mjane akavua nguo nyeusi, watu wakala na kuimba. Lakini katika ukoo wao kitambaa cheusi cha mama hufunguliwa na mtoto wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mkono wa mwingine. Mtoto wa kwanza ni Clovis, na Clovis yuko Brazili.

Nilianza kwenda kwao kwa ajili ya masomo ya Naomie, kisha nikawa ninakwenda kwa ajili ya mama yake. Asubuhi moja aliniambia tushuke pamoja mpaka kwenye kinamasi kilicho chini ya mashamba ya mihogo. Tuliketi juu ya gogo. Nikafungua kinywa niulize tumekuja kufanya nini, akanizuia kwa kidole.

"Mwalimu, kaa kimya. Kule kwa Clovis wanalipa juu ya kukaa hivi."

Tukakaa. Korongo wawili walikuwa wakitembea majini kwa hatua za wazee. Kwa mbali kasuku wa kijivu walipita wakipiga kelele. Mama Émérance alitazama kwa jicho la kulia tu, kwa sababu ya ule ufa, na alinong'ona kila alichokiona kana kwamba kuna watu wengine nyuma yetu waliosafiri kutoka mbali ili wasikie. Mambo ninayoyaandika hapa nilianza kuyasikia asubuhi ile, kwa mnong'ono, na sehemu iliyobaki niliipata kidogo kidogo.

Muzaliwa alizaliwa katika eneo la Wamaza, upande wa Kabambare, katika familia ya wawindaji wa nyavu. Vita vilipokuja, alihamia Kasongo na mke wake, akawa mkulima. Nyavu zilibaki huko na zikaoza. Lakini macho hayakuoza. Clovis alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa akimwonyesha ukingo wa msitu na kumwuliza anaona nini, na mtoto akisema haoni kitu, Muzaliwa alikuwa akimjibu neno lile lile: "Usitafute nyama. Tafuta kile kinachokataa kutikisika pamoja na majani."

Clovis alikua, akaenda Lubumbashi kutafuta kazi, akapita Angola, na mwishowe akafika Brazili. Huko mjini alifua mashuka ya hoteli. Mkongomani mwenzake akamwambia kuwa katika bonde la Pantanal kuna hoteli ya porini inayotafuta mfuaji. Pantanal, kama Clovis alivyowaeleza wazazi wake katika ujumbe wa sauti, ni bonde kubwa la maji katikati ya Amerika ya Kusini. Mvua zikinyesha, bonde lote linageuka kuwa ziwa la majani. Kiangazi kikifika, maji yanarudi mitoni na madimbwini, wanyama wote wanakusanyika kwenye kingo, na ndipo watalii wanapokuja. Wanapanda mashua kabla ya jua kuwaka, wanaketi kwa safu, na wanaangalia.

Siku moja Clovis alikuwa amebeba mashuka kwenye gati, na watalii walikuwa ndani ya mashua pamoja na kiongozi wao, wakikagua ng'ambo ya mto bila kuona kitu. Clovis, mikono yake ikiwa imejaa, akaelekeza kwa kidevu. Hawakuona. Akaelekeza tena. Kisha sikio moja likacheza kati ya majani, na mashua nzima ikashika pumzi. Tangu siku ile hakufua tena. Walimweka mbele ya mashua.

Muzaliwa alipousikiliza ujumbe ule, alimwomba Naomie aurudie, kisha akatoka nje na kuwatangazia majirani: "Macho yangu iko inafanya kazi kule."

Jumapili nyingi zilipita hivyo. Baada ya misa familia ilipanda mpaka karibu na mnara wa simu, mahali ambapo mtandao ni mzuri, na simu ya Naomie ilileta sauti ya Clovis. Alieleza kuhusu mamba wafupi waliojipanga kwenye mchanga kama magogo, fisi-maji wakubwa wanaopiga kelele kama watoto waliogombana, kasuku wa buluu wakubwa kuliko kuku, na mnyama fulani wa jamii ya panya, mkubwa kama mbuzi, anayelala na watoto wake bila hofu. Muzaliwa alituma maswali. Je, wanamla? Hapana. Je, wanachukua ngozi? Hapana. Sasa wanarudi kwao na nini? Wanarudi na picha, Clovis alisema, na wengine hawapigi hata picha, wanalia tu.

Jambo hili lilimsumbua Muzaliwa, na liliwafurahisha sana majirani. Jirani mmoja alikuwa akimwita kila asubuhi kutoka ng'ambo ya ua: "Muzaliwa, simbilisi, ile panya kubwa, iko kwa shamba yangu. Lete wazungu wako wamuangalie, mbele hajamaliza muhogo."

Ndipo darubini ilipokuja. Mtalii mmoja wa kike aliiacha kwa sababu ya ufa, Clovis akaiomba, mtawa mmoja akaibeba mpaka Kinshasa, na ikatumia miezi saba kufika Kasongo. Muzaliwa alishuka nayo kinamasini. Jioni ya siku ya kwanza alirudi amechoka kuliko siku za kulima. Alimwambia mke wake kuwa hii ni kazi nzito, kuona nyama na kuiacha. Lakini kesho yake alirudi, na kesho kutwa, na baada ya muda mke wake akawa anakwenda naye. Mama Émérance anasema miaka yote ya ndoa yao hawakuwahi kukaa pamoja hivyo, bila jembe mkononi na bila mtoto wa kunyonyesha.

Kisha ikaja video ya chui.

Clovis alikuwa amewahi kuona chui wa kule mara nyingi, lakini kwa mbali: mgongo, mkia, kivuli kinachopita. Safari hii mnyama alivuka mto akiogelea, akaja moja kwa moja, akapanda ukingo karibu na mashua, akajikung'uta maji, akasimama. Niliiona video hiyo. Hakuna anayesema kitu. Unasikia maji yakidondoka tu. Mnyama anainua kichwa, na macho yake yanaingia katika simu.

Muzaliwa hakutoka nje kutangaza. Aliomba Naomie atume swali moja: "Alikuangalia wewe, ama aliangalia mashua?"

Clovis alijibu akicheka: "Papa, aliniangalia mimi mwenyewe, katikati ya macho."

Ni lazima nieleze desturi hapa, kwa sababu vijana wengi wa umri wangu hawaijui. Kwa watu wa upande wa Muzaliwa, chui ni wa shefu, mkuu wa jadi. Mtu akikutana naye uso kwa uso, hata kama hakumgusa, hawezi kukaa na jambo hilo nyumbani kwake kana kwamba ni lake. Anachukua jogoo, anakwenda kwa shefu, anaketi mlangoni, anasema amemwona wapi na uso wake ulielekea wapi. Shefu anampaka udongo mweupe kwenye paji la uso, na jambo limekwisha. Anayeona na kunyamaza ni kama mtu aliyeficha kitu cha shefu, na macho yake hayatakuwa na amani. Kama aliyeona yuko mbali, baba yake anakwenda kwa niaba yake.

Kwa muda wa miaka thelathini hakuna aliyekwenda. Chui walikuwa wamekwisha.

Mama Émérance alimpinga mume wake siku nzima. Alimwambia mvua zimeanza, njia ya Wamaza ni matope, na yeye si kijana. Mwishowe akamwambia neno alilofikiri litamaliza mjadala: "Ule chui iko na wenyewe wake. Kule nako kuna shefu wao."

Muzaliwa alikuwa akifunga miguu ya jogoo. Hakuinua kichwa.

"Chui ni wa kule," akasema. "Macho iliyomuona ni ya hapa."

Alipanda pikipiki ya Bulaimu, kijana anayebeba watu kati ya Kasongo na Kabambare, mpaka mahali ambapo daraja la miti lilikuwa limechukuliwa na maji. Bulaimu alimshauri warudi. Mzee alishuka, akaweka jogoo begani, akavuka kijito maji yakimfika kifuani, akaendelea kwa miguu. Mvua ilimnyeshea siku mbili. Mama Émérance alikuwa na hofu moja kubwa zaidi ya mvua: kwamba shefu, ambaye ni kijana aliyesoma, angemcheka mume wake. Shefu hakumcheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaitazama video, ambayo Naomie alikuwa ameituma katika simu ya mtu mwingine pale, akapokea jogoo. Kisha akafunga udongo mweupe katika jani kavu na kumkabidhi. Alisema udongo huu ni wa aliyeona, apakwe na mkono wa nyumbani kwao, na asipakwe kimya. Lazima aambiwe ulikotoka na nani aliyeufuata kwa miguu.

Muzaliwa alirudi na furaha na homa. Siku ya tatu alianza kukohoa. Siku ya kumi na moja alifariki, na udongo ulikuwa chini ya mto wake.

Clovis aliambiwa kuwa baba yake amekufa kwa homa. Hilo ni kweli. Safari ya Wamaza hakuambiwa. Mama Émérance alimkataza Naomie, akamkataza Bulaimu, akawakataza majirani. Tulipokuwa kinamasini alinieleza sababu yake, na sauti yake haikupanda hata kidogo:

"Nikimuambia, atasema alimuua baba yake na telefone. Na macho yake itakufa. Ile macho ndiyo kitu baba yake alimuachia, hakuna kingine."

Lakini kunyamaza nako kulikuwa na adhabu yake. Clovis, aliyejua tu kwamba baba yake aliipenda sana ile video ya mwisho, aliamua kumfariji mama yake kwa njia hiyo hiyo. Kila alipoona chui alimpiga picha na kuituma. Chui amelala juu ya tawi. Chui na mtoto wake. Chui akinywa maji machweo. "Hii ni ya Papa," aliandika chini yake. Naomie alijibu asante kwa niaba ya mama, na mama hakuzifungua. Kila picha mpya, kwake, ilikuwa jogoo mwingine ambaye hakuna mtu wa kumpeleka.

Nami nilifanya kosa, nikidhani ninasaidia. Siku moja nilimwambia kwamba yule mnyama, kwa kweli, si chui wetu. Nilikuwa nimesoma hivyo: ni mwingine, mnene zaidi, na katika yale mabaka yake ya mviringo kuna alama nyeusi ndani. Nilifikiri kwamba kama si chui, basi hakuna deni kwa shefu, na udongo hauhitajiki, na siri inaweza kubaki siri.

Mama Émérance alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, bwana yangu alikuwa muwindaji. Unafikiri hakuona madoa? Aliona siku ya kwanza. Alisema huyu ni ndugu yake chui, aliyehamia mbali. Ndugu yako akihamia mbali, anakuwa mutu bila baba?"

Niliona haya kwa siku kadhaa.

Kilichomzuia Clovis kuja kilikuwa majira. Kiangazi cha kule kinaangukia katika kiangazi chetu. Wakati njia zetu zinapopitika, hapo hapo ndipo mashua zinapojaa watalii, na mwenye hoteli hakukubali mtu mwenye macho makali kuliko wote aondoke. Na maji yanapojaa kule, watalii wakaondoka na Clovis akapata nafasi, sisi tuko katikati ya mvua, na njia ya Kindu inameza pikipiki. Mwaka jana walijaribu kupanga mara mbili wakashindwa. Nguo nyeusi za Mama Émérance zilipauka, akanunua nyingine, nazo zikaanza kupauka.

Mwaka huu moto ndio uliomfungua. Nyasi za Pantanal ziliwaka kwa wiki nyingi. Moshi ulifunika mto, watalii wakaahirisha likizo zao, hoteli ikafunga kabla ya wakati. Ujumbe wa Clovis wa siku zile ulikuwa mfupi. Alisema wanapita na mashua wakitafuta wanyama walioungua nyayo, wanawawekea maji. Mwishoni Naomie akafikiri ujumbe umekwisha, kisha sauti ikarudi: "Mama, ule chui aliyeniangalia, hatujamuona tena. Ninamutafuta kila siku. Usiku ninafunga macho, ninamuona yeye tu. Sijui juu ya nini."

Mama Émérance aliusikiliza ujumbe ule mara moja. Akaketi chini pale pale karibu na mnara, juu ya majani, na nguo yake nyeusi. Alipoinuka alimwambia Naomie aandike: njoo nyumbani, kuna kitu cha baba yako ninapaswa kukupa.

Clovis alifika Kindu juzi kwa ndege. Bulaimu alikuwa amekwenda kumpokea na pikipiki. Kabla hajaondoka, Mama Émérance alimshika mkono na kumkumbusha juu ya kinywa chake, kwa sababu ni yeye aliyemwacha Muzaliwa penye daraja, na jambo hilo linamlemea pia. Bulaimu akamtuliza: "Mama, upepo wa njia iko mukali. Hata nikisema, hatasikia." Mama hakucheka. Alimwambia kwamba neno hili litasemwa na yeye mwenyewe, mbele ya mlango, udongo ukiwa tayari kwenye paji la uso. Kwanza apake, halafu aseme. Kitambaa cheusi kitakuja baadaye, kama Clovis atakuwa bado anaweza kuinua mkono.

Leo asubuhi Bulaimu alipiga simu. Wamelala njiani, tairi limepasuka mara moja, watafika kabla ya saa sita. Mama Émérance ameoga, amevaa nguo nyeusi ile mpya kidogo, amekuja kukaa kwenye mwinuko wa njia ya Kindu. Mimi na Naomie tuko pamoja naye. Wanawake wa kanisani wako nyumbani wakipika sombe, yale majani ya muhogo, na mmoja wao alituma mtu kuuliza kama Mama Clovis anaona sukari. Yeye aliendelea kutazama njia.

Juu ya jiwe kuna kisahani, na ndani yake udongo mweupe aliousaga jana. Ni kidogo sana, haujai hata kiganja. Nimemwuliza atakachosema kwanza, amesema hajui, ataanzia kwa jogoo. Nimemwuliza kama anaogopa. Amesema Clovis ana macho ya baba yake, atajua kabla ya kuambiwa, atakapoona tu kisahani.

Jua limeshaukausha udongo mara mbili. Analowesha vidole, anamwagia tena maji kidogo, anafunika kisahani kwa jani, kisha anainua darubini, anafumba jicho la kushoto.